Masikio Yale Yale

Mabakuli ya marehemu shangazi yalifungwa kwa magazeti mawili,
ya mwaka wa kura ile ya kwanza.
Nikayabandika ubaoni, Kidato cha Tatu, shule ya Barani, Malindi,
feni inakata hewa na haimpozi mtu.

Katuni ya kwanza: Chama cha Taa
ni mzee wa kikoi, kalala chali mkekani,
tende mkononi, nzi puani, mate shavuni.
Kando yake kasimama Chama cha Kinu,
koti limemkaa, mkunjo wa suruali ungekata nyama.
Darasa likaangua kicheko. Nikawaacha wacheke;
kicheko ndicho kilichouza gazeti.

Kisha nikauliza: nani kapewa viatu?
Dhahabu akainuka, akasogea hadi pua ikagusa karatasi.
"Huyu wa koti ana vifungo sita, mwalimu, nimevihesabu.
Yule wa mkekani hana hata macho,
mistari miwili tu, kama mshono wa gunia."
Andika hilo, nikamwambia. Usiandike "mvivu".
Mvivu ni wino
uliomnyima mtu macho, kisha ukamcheka kuwa haoni.

Na chini kabisa, tangazo la mwenye kinu cha pamba.
Aliliona Kahindi, ambaye husoma kila kitu isipokuwa kitabu.

Gazeti la pili, mwezi ule ule.
Humu aliyesimama ni Taa, kanzu imepigwa pasi,
na Kinu ni fisi aliyefunga tai,
anaguguna kizingiti cha nyumba ya mjane.
Hapo nilicheka mimi.
Kwetu walikuwa watu wa Taa; shangazi alikufa na kadi yake.
Darasa likanitazama, kimya,
nami nikaitafuta chaki iliyokuwa mkononi mwangu.

Ni Dhahabu tena: "Mwalimu, hebu tazama masikio."
Sikio la mzee. Sikio la fisi, kapewa la binadamu:
kitanzi kimoja, na nukta ndani,
kama koma iliyomeza punje.
Mkono mmoja, pande mbili.
Ujira mara mbili, pengine,
au njaa moja.

Katika maandalio yangu ya somo hilo halikuwamo.
Kengele ikalia, viti vikaburuzwa,
Kahindi akabaki mlangoni, mkoba begani:
"Na yeye mchoraji,
kura yake aliitia wapi?"