Karatasi ya Mwaja

Mwaja alinipa karatasi:
pembetatu nyekundu, duara lililokatwa,
mistari mitatu isiyokwenda popote.
"Jenga hii," akasema.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Mlango uko wapi, binti?

Miezi minne tumekunja nondo Ihumwa,
vumbi likitufumba macho,
Chilongani akiitukana timazi
kwa kuwa ukuta umeinamishwa makusudi.

Leo, saa tisa, jua limepenya duarani,
likashuka sakafuni, likaichora upya
ile karatasi,
wekundu wake udongo wetu.
Mbuzi wa jirani kajilaza
juu ya mstari wa tatu, ule usiokwenda popote.
Kumbe una kivuli.

Na mlango?
Nilikwishaupita asubuhi,
nikisukuma toroli,
sikuinua kichwa.