Ti-ki

Lilikuja likinuka upya,
kilomita elfu nane na mia mbili,
mmiliki mmoja tu, afisa forodha aliyehamishiwa Mtwara,
na viti vilivyovishwa nailoni
ambayo Mhina alikataza tuivue.

Siku ya tisa, tukitoka Raskazone,
nikasikia: ti-ki.
Kimya. Tuta. Ti-ki.

"Umesikia?"
"Nini?"
"Hicho."
"Mwanahawa, hili ni gari jipya."
Basi. Kana kwamba upya ni pamba ya masikio.

Wanasema mji wetu huu, waja leo waondoka leo.
Mlio ulikuja leo, ukatandika mkeka.

Mimi nafundisha hesabu, kidato cha tatu.
Nisichokijua nakiita x, kisha nakitafuta.
Nikanunua daftari la kurasa arobaini na nane:

Jumatatu. Chumbageni, kasi thelathini, kona ya kushoto. Upo.
Jumanne. Mvua. Haupo.
Jumatano. Kuvuka reli. Mara mbili, wa pili mdogo.
Alhamisi. Nimempakia shangazi Mwantumu na magunia mawili ya machungwa ya Muheza. Kimya kabisa.
Ijumaa. Bila shangazi. Upo.

Mhina akauliza kama itabidi tumnunue na shangazi.

Fundi Semhando, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
aliweka jeki, akagonga shokapu, akatikisa bushi,
akazunguka nami hadi Mkwakwani na kurudi,
na gari likatulia tuli
kama mtoto aliyetapika usiku kucha
halafu mbele ya daktari anaomba biskuti.
"Mama, hata sikio huzeeka," akasema,
akapokea elfu kumi na tano.

Nikatoa tairi la akiba, spana, mwavuli, kikapu.
Nikavua ile nailoni, liwalo na liwe.
Ti-ki.

Jumamosi usiku nikasema: naingia kwenye buti.
Mhina alicheka mpaka akashika ukuta.
Nikajikunja, tochi mdomoni.
Nilikuwa nimeshamwambia: Pongwe, polepole, na usinisemeshe.

Humo ndani barabara huisomi kwa macho.
Matuta ya Kange niliyahesabu kwa mbavu.
Harufu ya mpira, na ya machungwa ya juzi.
Ti-ki. Kulia. Nyuma. Chini kidogo.
Nikasogeza sikio,
na hapo, kupitia mgongo wa kiti,
nikasikia sauti ya pili.

"Nyamaza," mume wangu alikuwa akisema.
Si kwangu.
Ti-ki.
"Nyamaza basi, ndugu yangu. Bado miezi thelathini na moja.
Laki nne na sabini, kila tarehe ishirini na tano.
Ukiharibika wewe, yule nitamwambia nini?"
Ti-ki.
"Najua," akasema. "Najua. Tangu siku ile ya kwanza."

Nikazima tochi.
Giza lilikuwa na adabu zaidi.

Ni wakati wa kurudi, karibu na kiwanda cha saruji,
kidole changu kilipopenya nyuma ya taa ya kulia
kikagusa nati.
Moja. Baridi. Haijawahi kukazwa popote.
Semhando baadaye alikagua boliti zote,
kila moja ina nati yake.
Hii ilikuwa ya ziada tu,
imevuka bahari bila kazi,
inabisha hodi.

Uani, Mhina akafungua buti,
akanivuta kama mtu anayeopoa ndoo kisimani.
Nikamwekea nati kiganjani.
Akaigeuza, akaigeuza, chini ya taa ya mlangoni.
"Hii? Mbona mimi sikuwahi kusikia kitu?"
"Ndogo sana," nikasema.

Akalala kabla yangu, usingizi wa mtu aliyetua gunia.
Nikafungua daftari, nikaandika x = nati.
Nikaitazama. Nikaikata.
Chini yake nikaandika 470,000,
nikapiga mstari,
nikagawa kwa mbili.