Kibaba cha Darajani

Usiku ule tulipofika na koni na ndoo za rangi
Danubi ilikuwa imevimba, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na Ödön, msimamizi wetu, akasema: mita moja na nusu,
si kidole zaidi, si kidole pungufu,
maana halmashauri wamegombana majuma sita
juu ya upana wa mabega ya mtu na usukani.

Mimi ndiye niliyeshika mashine ya kuchora.
Nyeupe ilitoka ikifuka mvuke kama uji,
nikaivuta kutoka Buda hadi Pest bila kuinua kichwa,
na nilipofika ng'ambo nikageuka:
daraja la njia nne sasa lina tatu,
na ile ya nne, nyembamba, imelala ubavuni
kama mtoto aliyeachiwa pembe ya kitanda.

Asubuhi, honi.

Lőrinc wa teksi, ambaye huegesha chini ya taa ya mwanzo wa daraja,
alinihesabia dakika zake: tisa kwenda, kumi na moja kurudi,
mara safari kumi na nne, mara siku ishirini na sita.
"Nani atanilipa? Rangi yako?"
Sikumjibu. Mimi pia nina gari,
la kijivu, mlango mmoja haufungi vizuri,
nami nilikaa kwenye foleni ileile
nikiutukana mstari nilioutandaza kwa mkono wangu.

Ilikuwa ya majaribio, njia hiyo. Miezi mitatu.
Chini ya lami wakazika waya,
juu ya mlingoti wakafunga kisanduku chenye tarakimu nyekundu
kinachohesabu kila magurudumu mawili yapitayo.
Ikifika laki moja kabla majani hayajadondoka, itabaki.
Isipofika, nitarudi na mashine nyingine,
ile ya kukwangua.

Julai, mvua. Agosti, joto la kulainisha soli.
Tarakimu zikaenda mwendo wa kobe aliyeshiba.

Ndipo nikamwona Bi Boglárka.
Alfajiri, tramu ya kwanza haijatoka,
mwalimu wa hisabati aliyestaafu,
sketi ameibana kwa kibanio cha kuanikia nguo,
anavuka. Moja.
Anashuka, anageuza, anavuka. Mbili.
Hana aendako. Kikapuni hamna mkate wala barua.

Nikamsimamisha: Mama, huu si udanganyifu?
Akatua mguu mmoja chini, akavuta pumzi.
"Nimepita mara ngapi?"
Kumi na mbili.
"Kimeandika ngapi?"
Kumi na mbili.
"Basi nionyeshe kosa la hesabu liko wapi."

Haba na haba, tuliambiwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa kibaba chenyewe kitafungwa kwenye mlingoti
wala kwamba haba, safari hii, itakuwa na magoti mabovu.

Maana Septemba goti likagoma. Siku nne sikumwona.
Usiku wa tano nikatumwa kutia kiraka cha rangi
palipochubuliwa na lori la bia.
Nikasukuma mashine yangu juu ya waya uliozikwa,
na kisanduku, kisichojua mtu wala chombo, kikaruka:
moja.
Nikakitazama.
Mashine yangu, naam, ina magurudumu mawili.

Nikageuza.

Jua lilipochomoza nilikuwa nimelowa jasho, ndoo imekauka zamani.
Teksi ikapunguza mwendo ubavuni mwangu, kioo kikashuka,
nikajiandaa kwa tusi.
Lőrinc akatema ganda la alizeti.
"Thelathini na saba," akasema,
"na usiposogea, huyo nyuma yako atakugonga."

Nikageuka. Bi Boglárka, goti ndani ya bendeji,
alikuwa akipiga kengele.