Hakuna Habari

Skrini ilisema, kwa herufi nyeupe zilizonyooka:
Jumatano, 20:30, Vichwa vya Shule, kipindi cha sita.
Nikabonyeza kitufe chekundu. Flashi ikapepesa jicho.
Nikavaa sweta juu ya gauni jeupe,
maana Juni ya Lubumbashi huuma masikio,
nikaenda hospitali, zamu ya usiku.
Monga wangu, miaka kumi na mitatu, alibaki
anafunika bukari, ananiapia tena
kwamba hatasema kama walishinda.
Walipigwa picha mwezi wa tano; tangu siku hiyo
kinywa chake kimefungwa kama chupa ya soda.
"Utaona mwenyewe, mama. Utaona."

Asubuhi nikaona.
Nikaona mchungaji wa suti ya zambarau
akimfukuza shetani aliyesimama, nadhani, nyuma ya kamera.
Nikaona tangazo la saruji.
Nikaona mpira, timu nisizozijua,
dakika nne za nyongeza zikazaa saba.
Saruji tena.
Halafu, dakika ya hamsini na tisa,
meza ya bluu, na bega la Monga.
Bega tu, na kola niliyoipiga pasi ya makaa.
Mwulizaji akasema, "Mto Lualaba, unapofika—"
na giza.
Flashi ilikuwa imetimiza saa yake, ikalala.

Mukalay, fundi wa dekoda hapa Katuba,
alicheka hadi bisibisi ikamponyoka.
"Ratiba inaandikwa Kinshasa, mama.
Kwetu saa mbili na nusu, wao bado moja na nusu.
Ongeza saa moja."
Basi kichwani mwangu kuna saa tatu:
ya Kinshasa, ya hapa kwetu,
na ile ya Kiswahili inayoanza kuhesabu
jua linapogusa mlima mweusi wa makaa ya shaba.
Zote tatu ninazijua. Mgonjwa wa kitanda cha tisa
hapati sindano yake kwa saa ya Kinshasa.
Ningeandika dozi kama wanavyoandika vipindi,
asubuhi wadi nzima ingekuwa mashuka matupu.

Marudio: Jumapili, 15:00. Nikaongeza saa moja.
Wiki hiyohiyo, bila kumwambia mtu,
walikuwa wameisahihisha.
Nikarekodi majina yanayopanda, madogo kama chawa,
na kati yao *Munga*, kwa u,
na shukrani za dhati kwa kampuni ya saruji.

Ahadi ni deni, tunasema.
Basi ninakidai kisanduku hiki, kilichokaa juu ya kitambaa cha kudarizi
kama mkwe anayesubiri chai.
Nimekipiga kofi. Nimegeuza antena
upande wa Ruashi, nikairudisha.
Jumatatu nikafungua ratiba: wiki nzima,
mstari kwa mstari, imeandikwa
*Hakuna habari. Hakuna habari. Hakuna habari.*
Nikakaa kitini, gauni bado linanuka dawa.
Hatimaye kimesema kweli.

Monga akanitazama. Akaweka mkoba chini,
akavuta stuli, akachukua mwiko uwe maikrofoni.
Akawa mwulizaji, koo zito, mikono ya mtu wa tai.
Akawa yule mvulana wa shule ya masista
anayebonyeza kengele kabla ya kufikiri.
Akawa hata tangazo la saruji, kwa sauti ya ukutani,
nikacheka hadi machozi.
Kisha akawa yeye mwenyewe, akanyoosha kola.
"Mto Lualaba, unapofika Kisangani,
unabadili jina. Unaitwaje?
Na swali la pili, la ushindi, pointi ishirini—"

Nilikuwa nimesimama tangu jana jioni.
Nakumbuka mwiko, nakumbuka bega,
nakumbuka akivuta pumzi ili ajibu.

Nilipoamka ilikuwa saa tisa.
Nilifunikwa blanketi. Mwiko umeoshwa.
Juu ya dekoda, kwenye karatasi ya daftari, kaandika:
*Marudio: leo jioni, jikoni. Saa ya hapa kwetu.*