Chozi wa Bugala

Lebo ya kwanza, wino umekwajuka:
"Dume. Lutoboka. Mtoto wa chozi wa bara."
Aliyeandika hakuweka jina.

Kampala, ghorofa ya chini. Nantumbwe anavuta droo,
dawa ya nondo inampigisha chafya.
Ndege kalala chali, macho pamba,
kifua bado chawaka kama kaa la jana.

Vinasaba vimesema vingine:
huyu si mtoto, ni babu.
Wa bara ndio waliotoka kwake,
wakavuka ziwa, wakasahau nusu ya wimbo,
wakafupisha mdomo kwa maua ya Entebbe.

Anatafuna kalamu.
Kule Kalangala babu yake mwenyewe,
mtu wa ukoo wa Mmamba,
aliandikwa "mgeni" na karani wa kodi.
Akanyamaza. Akalipa.

Anakata lebo mpya, anaifunga mguuni kwa uzi
kando ya ile ya zamani.
Haiondoi ya zamani. Kosa nalo lina tarehe yake.

Kisha, kabla ya kusukuma droo,
chumba kikiwa kitupu:

Chozi, mwanangu,
hapana,
babu.
Shikamoo.