Kitambaa Ambacho Sijakikata

Siku ya kumi na moja leo
mita tatu za pamba nyeupe zimelala kando ya cherehani
na chaki yangu haijazigusa.

Nimeshona kanzu za waimbaji wa parokia,
nimeshona sketi za kijani za Wakimbanguisti,
nimepima mabega ya padri na ya mchungaji kwa utepe mmoja,
na hakuna aliyeniuliza utepe ni wa dhehebu gani.
Lakini hii ni nguo yangu mwenyewe,
ya kuzamia ziwani Jumapili, ufukoni Muhumba.

Zihindula, mume wangu, hasemi kwa ukali.
Anaweka kidole juu ya mstari:
Yule towashi alisikia kwanza,
akaelewa, ndipo akashuka garini akaingia majini.
Wewe ulikuwa wa siku nane. Ulielewa nini?
Uliitikia kwa kinywa cha nani?

Mama anapanda ngazi za Kadutu akihema,
anakaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa,
anafungua Kitabu kilekile, anaweka kidole kwingine:
Yule mlinzi wa gereza alibatizwa na nyumba yake yote.
Yote, binti yangu. Hata waliobebwa mgongoni.

Nyumba ile ilikuwa na watoto wangapi?
Usiku umeme ukikatika nasoma kwa taa ya simu,
naenda mbele, narudi nyuma.
Mwandishi hakuhesabu.

Naye Nsimire, aliyekuja kupunguziwa kiuno cha gauni,
akacheka hadi pini zikaanguka:
Ninyi mnagombania maji, na siku yenyewe mmeipoteza!
Akalipa nusu.
Nusu nyingine, alisema, baada ya Sabato.

Kuna jambo sijawahi kumweleza Zihindula sawasawa.
Nyuma yangu alizaliwa Mugisho, akakaa siku tisa.
Usiku wa mvua, njia imegeuka tope, padri yuko mbali,
mama akainamisha bidoni ya njano,
maji yaleyale ya kupikia sombe,
akamdondoshea mara tatu, akataja majina matatu.
Mimi nilishika koroboi. Nilikuwa na miaka sita.
Kulipokucha alikuwa wa baridi,
na tangu siku ile mama hajauliza mtoto yuko wapi.

Nikizama Jumapili,
yale matone yanageuka maji tu?

Lakini machozi ya mama si hoja. Najua.
Wala mkono wa mume wangu begani mwangu si hoja,
ingawa ni mkono mwema.
Mteja akilalamika kwamba gauni linambana,
simwamini yeye, siamini kioo;
napima tena.

Nimepima. Nilichokipata si kingi.
Jina langu nililipewa nikiwa sijui kusema,
na sijawahi kulirudisha
ili nipewe upya kwa hiari yangu.
Naamini aliyeniita aliniita kabla sijajua kuitika.
Watoto ambao mwandishi hakuwahesabu
mimi ni nani hata niwafukuze nyumbani?

Huenda nimekosea.
Ndani ya kila pindo ninaacha vidole viwili vya akiba,
kwa maana mwili hubadilika,
na jicho la fundi nalo si la malaika.

Jana jioni nilimwambia.
Aliendelea kutafuna sambaza, mmoja mmoja,
kama mtu anayehesabu deni.
Akasema: Mchungaji Bisimwa atasikitika.
Nikasema: Na wewe?

Mvua ilianza kupiga mabati.
Akanawa mikono, akainuka,
akachukua kile kitambaa, akakikunja mara nne,
akakiweka juu ya kabati,
pale ambapo bati halivuji.