Maji ya Mtu wa Pili

Mlangoni kuna shimo la kina cha kiganja,
hapo mtaa unakoma, nyumba inaanza.
Viatu huvuliwa, hugeuzwa,
pua zikatazama nje
kama wageni wanaoaga kabla hawajakaa.
Vya baba vingali pale, vyeusi.
Mama huvipiga rangi kila Jumapili,
eti mwizi akichungulia aseme: humu mna mwanamume.
Mwizi gani, mama, ghorofa ya nne, lifti hakuna?
Hajibu. Anainama,
anakinyoosha kimoja kilichokwenda upande.

Nimefika na machenza ya Matsuyama,
kilo tatu, mkono umekufa ganzi.
Nyumba ni ile ile.
Huku chumba hupimwa kwa mikeka:
hiki sita, kile minne na nusu.
Kwenye mkeka wa dirishani kuna vibonde vinne,
miguu ya kiti cha baba ilivichimba.
Kiti kilishaondoka.
Mama akifagia huvizunguka,
kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Jumanne na Ijumaa, taka za kuchomwa.
Jumatano ya pili, chupa na makopo,
nayo huoshwa kwanza, yakang'aa kama vyombo vya mgeni;
ukikosea, Bi Tokiwa wa chini
atakurudishia mfuko mlangoni, na salamu juu yake.
Mwaka jana tulishika miwani ya baba:
hii inachomwa, au haichomwi?
Mama alisoma kalenda ya manispaa
mstari kwa mstari, kidole kikifuata,
kisha akairudisha sarani.

Jioni ukuta wa jikoni unasema
kwa sauti ya mwanamke asiye na umri:
*Maji ya kuoga yako tayari.*
"Haya, ahsante," mama humwambia.
Hakuna mwingine wa kumwambia.

"Tangulia, Mitsuyo, wewe mgeni."
Mimi mgeni? Nguzo ile ina kimo chango cha miaka saba,
kwa penseli, kwa mwandiko wake!
Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena.
Ndipo aliponiambia, akimenya chenza,
bila kuniangalia:
"Maji ambayo hayajaingiwa na mtu yana meno.
Ngozi ya uzeeni inayajua.
Miaka arobaini na miwili baba yako alitangulia,
nami nikidhani ni ubwana tu."

Nikaenda.
Nikakaa kwenye kigoda cha plastiki,
nikajisugua hata visigino, nikajisuuza,
maana hodhi si la kutolea uchafu;
kisha nikazama hadi kidevuni.
Kweli yaliuma.
Nikakaa humo nikiyalainisha,
kazi pekee niliyopewa siku hiyo,
nikahesabu mpaka mia, kama alivyonifundisha baba,
nikarudia tena mia.

Nikafunika hodhi kwa kifuniko chake joto lisitoroke.
Mama akaingia.
Nilisimama ukumbini, nywele zikichuruzika,
nikasikia ndoo, ndoo, kimya,
halafu ile *aaa* ndefu
ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani.

Kesho maji yayo hayo
yatavutwa kwa mpira hadi mashine ya kufulia,
yafue soksi zangu na aproni yake.

"Mitsuyo!" akaita kutoka ndani ya mvuke.
"Bee, mama."
"Umevaa ndara za chooni, nasikia mwendo wake."
Nikatazama chini.
Kumbe.